Kopo la Perege

Tangu biashara iwe huria, duka la pembejeo hapa Lushoto lina kopo la kila shida. Juzi nilimkuta mzee mmoja pale kaunta akilalamika kwamba perege wake bwawani hawakui. Binti muuzaji akamwonyesha kopo la unga mpya.

"Siyo dawa, babu. Ni chakula cha vijidudu vizuri vilivyomo tumboni mwa samaki. Vikishiba, samaki naye ananawiri."

Mzee akaligeuza kopo, akashusha sauti. "Mke wangu tangu atoke hospitali anakula vijiko viwili, anaacha. Labda na vijidudu vyake vina njaa?"

Tuliokuwa kwenye foleni tukacheka. Binti hakucheka. Akalivuta kopo upande wake.

"Hili la samaki tu, babu. Bibi mrudishe kwa daktari. Na akila, nani anakaa naye?"

Mzee akakuna kidevu. "Mimi sahani yangu huwa naenda nayo bwawani. Nakula nikiwatazama samaki."

Akaaga, akatoka haraka bila kopo. Hatukumwita. Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, na sisi wanaume tuliocheka, kila mmoja alikuwa anakumbuka yeye hula wapi chakula chake.