Bomba la Mama Chemsha

Mtaani shangazi yangu aliitwa Mama Chemsha, kwa kuwa nyumbani kwake hakuna aliyekunywa maji kabla hayajatokota. Aliyachemsha, akayapooza, kisha akayamimina kwenye ndoo nyeupe yenye bomba la plastiki, juu ya yale ya jana. Ndoo haikukauka hata siku moja.

"Maji yaliyochemshwa yana uchafu gani?" alipenda kuuliza.

Mumewe alipoanza kutibiwa saratani, dawa zilimpunguzia kinga ya mwili. Shangazi akapiga wageni marufuku, akafua mashuka kila kukicha, akamnywesha maji ya ndoo kwa mkono wake mwenyewe. Homa ikaja hivyo hivyo. Mumewe alilazwa, lakini dawa ya hospitali haikuigusa; alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Ni wale majirani," shangazi alinifokea. "Nilisema wasimsogelee!"

Tukarudi nyumbani kumchukulia maji. Bomba likatoa maji kwa kusuasua, shangazi akalifungua kutoka kwenye ndoo alizibue. Akaingiza kidole, akakitoa polepole. Kilikuwa na utando unaoteleza kama bamia.

"Shangazi, hivyo ni vijidudu," nilisema kwa sauti ya chini. "Vinajishikiza pamoja na kujifunika huo ute. Maji yakipita, vingine vinameguka na kwenda nayo."

"Nyamaza."

Nilijua anachowaza. Mawifi zake walikuwa wamejaa hospitalini, wakitafuta wa kumlaumu. Akikaa kimya, nani angejua?

Akalitia bomba kwenye mfuko safi, akafunga fundo.

Wodini aliwapita mawifi bila salamu, akamkabidhi daktari mfuko.

"Anakunywa humu. Mimi ndiye ninayempa. Maji nilichemsha, bomba sikuliosha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" wifi mkubwa alisema, makusudi asikike.

Shangazi hakugeuka. Daktari alikwisha kumwita muuguzi. "Kuna vijidudu vya kwenye maji ambavyo dawa hii haiviwezi. Peleka hili maabara, lakini majibu tusiyasubiri. Tunabadilisha dawa sasa hivi."

Mgonjwa akafumbua jicho moja. "Mke wangu, umeniletea bomba? Maji yenyewe yako wapi?"

"Funga mdomo wewe," shangazi alisema. Akaushika mkono wake uliowaka homa, na hakuuachia, mawifi wakiwa wamemzunguka, mpaka ulipoanza kutoa jasho na kupoa.