Jogoo wa Kukombolea Kopo

Baba yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi huko Mtoni, na ujumbe wakati ule ulikuwa kazi ya mapafu. Sukari ikifika dukani, mkutano ukiitishwa, mitaro ikitakiwa kuzibuliwa, yeye hupita mlango kwa mlango akipaza sauti. Sauti ile ilimwamsha hata aliyejifanya amelala.

Kisha akaugua mkojo. Hospitali wakampa vidonge vya njano vya wiki moja, maumivu yakaisha, na hapo ndipo baba alipojifanya mjuzi. Dawa iliyokuponya huiachi, alisema, utakuwa umeikosea adabu. Akaendelea kuvinunua na kumeza kimoja kila siku, mwaka mzima, akivitunza kwenye kopo la kahawa chini ya mto wake.

Kikohozi kilianza polepole, kikavu, bila homa. Baba akaongeza vidonge vikawa viwili. Mama alimchemshia tangawizi, akamsugua kifua kwa mafuta ya nazi, wapi. Ikafika mahali anapumzika mara tatu kati ya nyumba ya kwanza na ya kumi, na tangazo la sukari likifika nyumba ya kumi, sukari imekwisha. Majirani walinung'unika. Mimi niliogopa. Nilikuwa namsikiliza akivuta pumzi pale barazani, nikaona waziwazi kwamba baba yangu anakwenda.

Akapelekwa zahanati. Alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote, alijibu hapana, kwa sababu aliyemuuliza alikuwa muuguzi wa kike, rika la binti yake, naye hawezi kumtajia mtoto wa watu habari za mkojo. Akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi.

Sisi ni Wangoni. Nyumba ya sita alikaa mtani wetu, Mpogoro, mtu asiye na haya hata chembe. Aliposikia baba amezidiwa alikuja na kamba, akampima urefu palepale kitandani, akasema kaburi litakuwa dogo, hatutachoka kuchimba. Kisha akajirithisha mapema: kofia, kigoda, na lile kopo. Utani ni utani, ukikasirika umeshindwa. Ili kukomboa vitu vyake, baba alitakiwa kutoa jogoo mmoja.

"Jogoo kwa dawa zangu mwenyewe?" baba alisema. "Bora nife."

"Ndicho ninachosubiri," mtani akajibu, akaondoka na kigoda kichwani na kopo mkononi.

Wiki ya kwanza baba alinuna; kununua vidonge vingine, alisema, ni kukubali kushindwa. Ya pili kikohozi kikapungua. Baada ya miezi miwili tulimsikia akitangaza mafuta ya taa nyumba ya kumi, na njiani alikuwa amepumzika mara moja tu. Hata hivyo alikwenda hospitali kushtaki kwamba ameibiwa dawa, na safari hii alimkuta daktari mwanamume, ndipo mkojo ukatajwa. Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba kwa baadhi ya watu vidonge vile, vikimezwa muda mrefu, huvimbisha mapafu, na ile nyama laini inayopitisha hewa hugeuka kovu. Kovu halitanuki. Akamkataza asiviguse tena, lakini kovu lililokwisha kuota, alisema, atabaki nalo.

Ndiyo maana baba alibaki na kituo chake kimoja, nyumba ya sita, ambapo alikaa kuvuta pumzi huku akitukanwa. Hakumshukuru mtani wake hata siku moja. Ukimuuliza, alisema yule ni mwizi.

Mtani ndiye aliyetangulia. Siku ya mazishi baba alichelewa, tukamwona anakuja taratibu na jogoo kwapani. Watu wakacheka, kwani mtani ana ruhusa ya kuchekesha msibani. Akasimama mbele ya jeneza.

"Nimeleta jogoo wako," alisema. "Haya, amka tubishane."

Akasubiri kidogo. Kisha akalia kwa sauti yake ile ya zamani, na nyumba zote kumi zikamsikia.