Matunda Mekundu Nyuma ya Nyumba

Bei ya kahawa ilipoanguka, majirani zetu kule Mbozi waling'oa miti yote wakapanda mahindi. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani, niliacha mashina matatu. Mvua zikiisha yalijaa matunda mekundu, na alizeti pori ikachanua njano kwenye ua.

Siku moja mke wangu, aliyeuza vitenge Tunduma, alirudi akachukua jembe na panga.

"Baba, hivi kahawa hii unaivuna kwa macho?"

"Ndiyo, na kazi yenyewe inachosha."

Alicheka, akang'oa mashina mawili ili apande maharage. Nilisimama mbele ya shina la tatu, la dirishani. Nilipenda tu kuamka nikaliona.

Aliweka jembe chini, akalinyoshea shina kidole.

"Haya, baki na mke mwenzangu. Ila mboga umwombe yeye."