Mkono Ulioishiwa Ukuta

Ni Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, na mchora mabango yuko juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili. Ana msasa mkononi, na miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu isije ikaanguka. Mbele yake kuna ngumi. Tena si ngumi ya kawaida: kidole gumba peke yake kina urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.

Anaisugua polepole, kwa kuzungusha, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Unga wa rangi ya udongo unammwagikia kitambaani kichwani, mabegani, mpaka ndani ya kikombe cha chai alichokisahau pembeni.

"Rangi nimekunywa nyingi maishani," anasema bila kugeuka. "Siku nikifa msihangaike kunipaka kitu. Kwa ndani nimeshapakwa mara mbili."

Anacheka mwenyewe, ubao unatikisika, naye anaushika ukuta. Lakini kazi iliyomleta hapa si ya kuchekesha. Jumapili ikifika na ukuta huu haujakaa sawa, utapigwa chokaa wote, na mahali pake patatundikwa bango la kuchapwa kwa mashine.

Mama huyu ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na nne kati ya hiyo ameipitisha na brashi. Ameandika majina ya maduka, saluni, vinyozi, geti la shule, hata gari la kubebea maiti. Zamani alichora mabango manne kwa wiki. Tangu mashine ziingie mjini, akipata moja kwa mwezi anashukuru.

Ndiyo maana kanisa la mwisho wa mtaa lilipomwita kuchora ukuta ulio nyuma ya mimbari, mita nane kwa tatu, aliitikia kabla hajamaliza kusikia. Mchungaji alimpa karatasi yenye maneno ya nabii Isaya. Nabii anasema Mungu anakuja na nguvu, na mkono wake ndio utakaotawala. Kisha, kabla hujavuta pumzi, anasema atawakusanya wanakondoo kwa mkono wake, awachukue kifuani, na wale wanaonyonyesha awaongoze taratibu.

"Nikasoma vizuri, mara tatu," anaeleza. "Halafu nikafanya kama ninavyofanya dukani."

Na hapo ndipo alipoteleza. Mchora mabango huanza na neno kubwa. Jina la duka linakwenda juu, nene, lisomeke toka ng'ambo ya barabara. Mengine yanatafutiwa nafasi baadaye, na namba ya simu inabanwa chini kabisa. Basi akaanza na nguvu. Bega likaanzia ukutani kushoto, msuli ukapanda, mkono ukanyooka, ngumi ikafika kulia, na ukuta ukaisha. Wanakondoo wakabakiwa na kipande cha chini chenye upana wa kiganja, palepale penye soketi ya umeme.

"Huruma ya Mungu mimi nikaiwekea nafasi ya namba ya simu!" anasema, na kujipiga paji la uso, akijiachia alama ya unga.

Aliwachora hivyohivyo, wadogo kama panya. Jumapili iliyopita pazia lililoufunika ukuta likafunguliwa. Watu wazima walipiga makofi. Watoto, ambao benchi lao liko mbele, walijivuta nyuma. Binti mmoja wa miaka minne akaitazama ngumi, akaitazama tena, akashuka kwenye benchi na kutangaza kwa sauti iliyofika mlangoni: "Mimi sikai hapa. Huyu atatupiga."

Benchi zima likamfuata nyuma.

Jumanne wazee wa kanisa wakakutana. Mmoja wao, anayetunza funguo, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kuagiza ukimya, hakuona tatizo kwenye ngumi. Tatizo lake lilikuwa wale panya.

"Mama, sikukatazi kuchora," alimwambia. "Lakini Mungu wa kuchekwa hatumtaki. Ama utengeneze, ama Jumapili tunapiga chokaa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji ndiyo, baba," alijibu. "Rangi ikimwagika inakwanguliwa."

Alijibu kwa ujasiri, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipiga hesabu. Wiki tatu za kazi! Na nani atamwita tena mchoraji ambaye hata kanisa limemfuta?

Jibu alilikuta Jumatano saa kumi na moja jioni, kwenye kochi lake mwenyewe. Mumewe ni mpakuzi wa magunia kwenye ghala, ya kilo tisini kila moja, na wenzake wanamwita Winchi. Mkono ulioko ukutani ni wake. Alikaa siku nne kama mfano wa kuchorwa, amenyoosha mkono mbele ya mkewe, akilalamika.

"Umechukua mkono, uso umeuacha," alimnung'unikia siku hizo.

"Uso wako ungefukuza waumini, Baba Watoto. Tulia."

Jioni hiyo Winchi alikuwa ametoka kazini, hajavua hata viatu, na mjukuu wao wa miezi saba amelala kwenye kunjo la kiwiko chake. Mtoto amefungua mdomo, mate yanamchuruzika juu ya ule msuli. Bibi akasimama mlangoni na kapu lake.

"Usimwamshe," Winchi akanong'ona. "Mkono umekufa ganzi tangu saa kumi, lakini sithubutu kuusogeza."

"Leo umepakua mangapi?"

"Mia na kumi na mbili. Hili dogo ndilo lililonishinda."

Bibi akaketi palepale sakafuni. Akakumbuka kwamba ili mumewe akaze ngumi, alikuwa amemshikisha ndoo ya maji. Yeye akachora ngumi, ndoo akaiacha.

"Ule mkono haukuwa umekasirika," anasema sasa, akipuliza unga. "Ulikuwa umebeba kitu. Mimi ndiye niliyekiondoa kile kitu."

Basi leo hakunji wanakondoo watoshe pembeni ya mkono. Anaukunja mkono. Ngumi inafunguka, kiwiko kinarudi kifuani, na msuli unabaki uleule, hapunguzi hata mstari. Kwenye kunjo wanalala wanakondoo wawili. Wa tatu amekalia kiganja. Chini, penye kivuli cha mkono, anatembea kondoo mwenye mtoto anayenyonya, naye haharakishwi na mtu. Soketi imekuwa jiwe.

Mchungaji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, anapita kuangalia. Anasema Isaya aliwapelekea maneno hayo watu waliochukuliwa mateka, wanaoishi ugenini. "Wao walisikia habari ya kurudishwa kwao, na walisikia sawasawa. Sisi Wakristo tukisoma, tunamwona na Yesu humo, mchungaji mwema. Hatuwanyang'anyi wao neno lao. Tunalifuata lilikotufikisha."

Mama anaitikia kwa kichwa tu, ila maneno hayo hayaachi yapite. Ijumaa yote yuko kwenye kiganja.

Jumamosi mchana mzee wa funguo anaingia, anakohoa, anarudi nyuma hatua sita kutazama. Kisha anasogea. Katikati ya kiganja, karibu na kwato za mwanakondoo, kuna kovu dogo la duara, kubwa kama sarafu.

"Hili nini?"

"Msumari, baba."

"Isaya hakuandika kovu."

"Hakuandika." Anaweka brashi kwenye kopo. "Nabii aliuona mkono kwa mbali, unakuja. Sisi tumeuona kwa karibu. Nitauchoraje kana kwamba sijaona palipochomwa?"

Mzee anaufuata msuli kwa macho, toka begani mpaka kiganjani. "Nguvu hukuipunguza," anasema hatimaye.

"Ningeipunguza wangeanguka."

Chokaa haikuletwa. Jumapili pazia linafunguliwa, na watu wanasahau kupiga makofi. Binti wa miaka minne anatoka nyuma, anapita katikati ya kanisa, anamfikia kondoo wa chini na kumgusa pua. Rangi ilikuwa haijashika vizuri. Anakitazama kidole chake kilichoingia rangi nyeupe, anakifuta kwenye gauni la sikukuu, mama yake anashika kichwa, naye anakaa benchi la mbele, katikati kabisa. Wenzake wanamfuata.

Alama ya kidole imebaki puani mwa kondoo. Mchoraji amekataa kuifuta.

Winchi, amevaa shati lililopigwa pasi, anawaonyesha watu mkono wake bila kuombwa. Mzee wa funguo anasubiri wapungue, ndipo anamvuta mchoraji pembeni. "Mama, pale kushoto hapawezi kupatikana nafasi ya mmoja zaidi? Nina mjukuu."

"Nafasi ya namba ya simu?"

"Hiyohiyo inatosha," anasema mzee, na kwa mara ya kwanza wanaonekana wakicheka pamoja.

Kabla mchoraji hajaondoa ubao wake, muuguzi mmoja aliyekuja kusali amemfuata. Hospitalini kwao wodi ya watoto ina kuta mbili nyeupe tupu, na watoto wanaziogopa. Mchoraji ataanza Jumatatu ijayo. Ameshanunua brashi mpya, na safari hii anasema hatarudia kosa la mabango.

"Nitaanza na wanakondoo," anasema, akifunga miwani kwa kamba yake. "Nitawachora wakubwa, wajinyooshe wanavyotaka. Mkono utajitafutia nafasi wenyewe. Ule haujawahi kushindwa kufika."