Blanketi la Babu Yako wa Kisongo

Siku ile ya dukani, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo. Juzi uliniuliza mimi shangazi yako, kwa kuwa nilifundisha baiolojia miaka mingi, kama kweli binadamu wamegawanyika kwa damu. Nikajifanya nina usingizi. Ukweli ni kwamba niliona aibu kukujibu.

Baba yako, ambaye ni mdogo wangu, alikuwa amempata mchumba Mwarusha, binti wa Kisongo. Sisi Wameru wa Nkoaranga tulimpenda kwa kila kitu isipokuwa meno yake, yaliyokuwa kahawia kama chai iliyokolea. Kwao karibu wote walikuwa hivyo. Nami ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, najiona najua yote, nikaamua kwamba lile ni jambo la damu yao na watoto watazaliwa nalo.

Mama alinichukua twende mjini kununua blanketi la kumpelekea baba wa binti. Unajua kwetu, blanketi lisipofika hakuna ndoa. Ameshalichagua, ameliweka begani, nikamwambia, "Mama, liache. Tusiingize damu ile kwenye ukoo wetu." Maskini mama aliniamini kwa kuwa nimesoma. Akalirudisha juu ya meza.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi tuliyemjua kwa jina la Karim, alikuwa amesikia yote.

"Binti, meno unayoyasema ni kama haya?" Akafungua mdomo. Yalikuwa kahawia vilevile. "Nimezaliwa Kisongo, duka la marehemu baba lilikuwa kule. Haya niambie, na mimi ni Mwarusha?"

Akamwita mdogo wake kutoka stoo, mtu mzima mwenye kitambi, akamwamuru acheke. Yule bwana akacheka bila kujua anachekea nini. Meno yake yalikuwa meupe kabisa.

"Huyu na mimi baba mmoja, mama mmoja. Yeye alilelewa na bibi yetu Moshi tangu mchanga. Mimi nimekunywa maji ya kisima chetu, yana madini yanayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado hayajaota. Ninyi walimu hamkufundishwa hilo?"

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu tulipoingia sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba. Sasa mwache mama yako anunue blanketi."

Mama hakunigombeza. Alinitwisha blanketi lile, na siku ya posa nikalibeba mwenyewe hadi Kisongo. Aliyenipokea mzigo mlangoni alikuwa mama yako, akaniamkia kwa heshima zote. Niliumia sana moyoni.

Toka hapo nilifundisha kwa adabu. Niliwaambia wanafunzi kwamba watu tunatofautiana, nani asiyeona, lakini rangi ya ngozi hubadilika kidogo kidogo toka nchi hadi nchi, na hakuna mahali utakapochora mstari useme watu wa aina hii wanaishia hapa. Tofauti nyingine zimeletwa na jua, nyingine na chakula, nyingine na kisima tu. Ninyi vijana mnauliza mapema kuliko tulivyouliza sisi, ndiyo maana sina hofu nanyi.

Mwanangu, neno langu la siku ile lingefuatwa, wewe usingezaliwa. Blanketi lilikuwa limesharudishwa mezani. Kwa hiyo mtu asikudanganye, hata awe msomi kiasi gani, kwamba watu fulani wako hivi kwa sababu ya damu yao. Muulize kwanza wanakunywa maji gani. Na ukiingia kwa mzee wa watu wowote, mwamkie kabla hujafungua mdomo kwa jambo lingine. Mungu akujalie macho ya kumwona mtu kama alivyo. Na hayo meno yako meupe, ambayo wazazi wako waliyalinda kwa kukukingia maji ya mvua mlipokuwa mkiishi Kisongo, uyazeeke nayo ukiwachekea watu wote.