Mnara Alioupanda Mama

Nyumba yetu ya Shauri Moyo ilinuka muhugu na rangi ya viatu. Muhugu ndio mti ambao baba alichongea vifaru na twiga, na rangi ya viatu, ile nyeusi ya mkebe, ndiyo aliyoisugua juu yake kwa brashi kuukuu mpaka kifaru wa muhugu akafanana na wa mpingo. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua. Mbele palikuwa na stuli ya baba, patasi zake na gunia la vumbi la mbao. Nyuma palikuwa na kitanda cha wazazi na cherehani ya mama. Wapo watu wanaozifurahia harufu za utotoni. Mimi hapana. Hadi leo nikipita mahali mtu anang'arisha viatu, moyo unashuka, kwa sababu harufu ile hunirudisha kwenye msimu mmoja tu, ule wa baridi ya Julai, nikiwa na miaka tisa, mama alipopelekwa Delhi.

Mama alishona sare za shule, na vitambaa alikuwa akivifuata soko la Gikomba kwa miguu. Mwaka ule alianza kusimama njiani. Mwanzo alisimama mara moja, akajifanya anatengeneza lesso. Baadaye ikawa mara tatu, nami nimebeba kifurushi chote, naye ameshika ukuta wa watu akihema. Daktari alisema moyo wake una kilango kisichofunga sawasawa. Hayo niliyasikia kwa kutega sikio nyuma ya pazia, maana kwetu mtoto haambiwi ugonjwa. Mimi niliambiwa kwamba Baba na Mama wanasafiri kwenda kutembea kidogo, mji wa zamani, mji wa wafalme, na wakiwa huko kuna daktari atamwangalia Mama. Shangazi Nduku, dada yake baba, akahama kutoka Donholm kuja kukaa nami. "Wewe ni mtu wa bahati," akaniambia akinisuka nywele. "Wenzako wazazi wao hufika Machakos tu." Nikamwamini kabisa.

Walipiga simu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Shangazi aliiweka simu juu ya cherehani, akaongeza sauti, nami nikapiga magoti mbele yake. Baba, ambaye nyumbani aliweza kumaliza siku nzima bila kusema maneno kumi, sasa alizungumza! Jumamosi ya kwanza walikuwa wameiona ngome nyekundu, ukuta wake mrefu mno, ndani yake kumbi za marumaru ambamo mfalme alipokea wageni. Ya pili walikuwa wamefika msikiti mkubwa wenye ua unaoweza kubeba maelfu ya watu, wakavua viatu, wakakanyaga mawe ya moto. Siku hiyo hiyo waliona pia kaburi la mfalme lililozungukwa na bustani na mifereji ya maji, na lango la mawe ambapo watu hula aiskrimu jioni. Alivitaja kwa mpangilio, bila kusitasita, ungedhani anasoma.

Watoto wa mtaa walinijia. "Niaje, Mumbua? Leo mamako ameenda wapi?" Basi nikawatembeza Delhi. Ukuta wa soko ulikuwa ngome, ua wa kanisa ulikuwa msikiti, na tangi la maji lililosimama juu ya nguzo zake lilibaki bila jina, kwa sababu nilijua kuna mnara unakuja. Baba alikuwa ameuahidi. Alisema ni mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na ndani yake kuna ngazi zaidi ya mia tatu zinazozunguka mpaka juu.

Jumamosi ya tatu simu ilipolia, hakuwa baba. Alikuwa mama mwenyewe. "Mumbua wangu," akasema. "Leo nimeupanda ule mnara. Nimefika juu kabisa. Nimeuona mji wote." Nilimsikia akihema. Akihema kweli, maneno mawili, pumzi, maneno mawili, pumzi, nami nikajua ni zile ngazi. Nikamuuliza kama alisimama njiani. "Sikusimama hata mara moja," akanijibu. Nilitoka mbio nikapiga mayowe chini ya tangi la maji kwamba mama yangu amepona. Shangazi alibaki ndani, ameinamia cherehani, na nilipomrudia macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni furaha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani kwetu kulikuwa na wakati wa ushuhuda kabla ya mahubiri. Yeyote aliyetendewa jambo na Mungu husimama akalisema. Kwa wiki tatu akina mama wa kanisa walikuwa wakija nyumbani kila jioni kumwombea mama, wakiimba kwa Kikamba mpaka uji wa Shangazi upoe. Wakati wa ushuhuda ulipofika Shangazi alikuwa ametoka nje kidogo. Sikumwambia mtu. Nilisimama, nikasema, "Bwana asifiwe!" nikawaeleza kwamba mama, aliyeshindwa kutoka Gikomba hadi mlangoni kwetu, amepanda ngazi mia tatu bila kusimama. Kanisa lilisimama lote. Ngoma zikapigwa, vigelegele, mchungaji akaniweka mkono kichwani. Shangazi aliporudi alikuta watu wanacheza. Atawaambia nini, na mimi niko pale mbele? Kuanzia jioni ile akina mama hawakuja tena. Kuombea mtu aliyepona ni kumdharau Mungu, walisema, na kulikuwa na wagonjwa wengine Njiru waliowahitaji.

Wazazi wangu walirudi mwanzoni mwa Agosti. Wanaume wawili walimtoa mama garini amekaa kwenye kiti cha plastiki, wakamwingiza nyumbani hivyo hivyo, miguu ikining'inia. Baba alisema amechoka na safari. Nikakubali. Mtu amepanda mnara ule wote, atakosaje kuchoka? Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda kucheza. Mara kwa mara nilisikia ananiita kutoka nyuma ya pazia, nikaitikia "Nakuja, Mama!" nikaendelea na kuruka kamba. Baba naye alikaa kwenye stuli yake akichonga. Hakuchonga kifaru. Alikuwa na karatasi ya kukunjwa aliyotoka nayo Delhi, ya kuwaelekeza wageni wenye siku mbili tu za kuuona mji, yenye picha ya kila mahali alipopataja kwenye simu, na kwa kuitazama picha alinichongea mnara wenye urefu wa mkono wangu. Upande wa mbele aliujaza maandishi madogo na vibaraza. Upande wa nyuma aliuacha laini. Nilipomuuliza, alisema nyuma hakuna kitu.

Mama alikufa wiki ya tatu, mchana, mimi niko nje. Kwenye matanga nilikuwa nimejificha kando ya sufuria za chai nikamsikia mama mmoja wa kanisa akimwambia mwenzake, polepole, bila ubaya wowote, "Tuliacha kuomba mapema. Yule mtoto alitutoa kwenye magoti." Maneno hayo nilikua nayo. Nilimaliza shule nayo, nikaolewa nayo. Sikumwambia baba, ambaye hakuwepo siku ya ushuhuda na hakuna aliyewahi kumweleza. Ningeanzia wapi kumwambia mtu kwamba mkewe nilimuua mimi, kwa kusimama kanisani na kufurahi?

Mwaka huu ofisi ilinituma Delhi kwa mafunzo, na mwishoni nikabaki na siku mbili. Nilikuwa nimebeba ile karatasi ya baba, imechanika kwenye mikunjo. Niliifuata kituo kwa kituo. Ngome ni nyekundu kweli. Mawe ya ua wa msikiti yanaunguza nyayo kweli, na kwenye lango aiskrimu bado inauzwa. Kila nilipofika nilijiambia hapa Mama alikaa, hapa Mama alishika ukuta. Mnara niliuacha uwe wa mwisho. Nilipoufikia niliuzunguka, kwa sababu nilitaka kuuona ule upande usio na kitu. Sikuupata. Ni mviringo mtupu, na maandishi yanauzunguka kote kama mishipi, hakuna palipoachwa laini hata pa kuweka kiganja. Nikamuuliza mlinzi mahali pa kukata tiketi ya kupanda. Mzee wa watu, mwenye mvi, akatabasamu kwa huruma. Mlango umefungwa, akasema. Watu hawapandi tena. Hata yeye, miaka yote aliyofanya kazi pale, hajawahi kupanda. Nilimuuliza ulifungwa lini, naye akataja mwaka ambao mimi sijazaliwa. Nilikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima mimi, nikalia mpaka wageni wakaanza kunikwepa. Kwa hiyo hakuwahi kupona. Hakuna uponyaji nilioharibu. Zile pumzi hazikuwa za ngazi. Alikuwa kitandani, anakufa, ananisimulia mnara.

Niliporudi nilikwenda Njiru, anakoishi baba sasa, kwenye chumba kilicho karibu na barabara ya Kangundo. Mikono yake haishiki patasi tena. Nilikuwa na hasira, na njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Akanikaribisha, akanimiminia chai, nyingine ikamwagika mezani. Kisha akauliza akiwa ameitazama mikono yake, "Ulipanda?"

"Nilipanda, Baba," nikasema. "Mpaka juu."

Akaitikia kwa kichwa. Tukanywa chai. Chai ilipokaribia kwisha akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na nyuma kukoje?"

Mtu aliyewahi kuuona mnara ule hawezi kuuliza swali hilo, na nilimwona akijua kwamba nimelielewa. Nikamwambia hauna nyuma, maandishi yanazunguka kote. Akavua kofia akaishika magotini. Alisema hawakuwahi kutoka mtaa ule wa hospitali, kwamba madaktari walimwangalia mama wiki ya kwanza wakasema wamechelewa, na kwamba karatasi ilikuwa kwenye meza ya nyumba ya wageni walimolala. "Ni yeye aliyetaka hivyo. Alisema, Mumbua asiogope." Nami nikamweleza habari ya ushuhuda, tangu mwanzo mpaka maneno ya matanga. Alinisikiliza, kisha akaniita "mama," kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, akafunika uso kwa ile kofia.

Ule mnara wa muhugu uko kwangu Donholm, juu ya kabati, na rangi ya viatu imeanza kubanduka. Binti yangu ana miaka tisa. Babake akiwa safarini humpigia simu ya video, naye hudai aonyeshwe: geuza simu, Baba, nione nyuma yako kuna nini. Uongo wa mama usingemaliza hata Jumamosi moja mbele ya mtoto huyu. Sijui kama nimemsamehe mama. Ninajua kwamba alinipa wiki tatu za Agosti bila woga, na ninajua nilizifanyia nini. Ningeambiwa ukweli ningeogopa, ningelia, na angekufa vilevile. Lakini alipoita nyuma ya pazia, ningeiacha kamba pale chini nikaingia.