Mjomba Aliponiposea Chuo

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo wakati huo, kwamba Dodoma kuna kompyuta moja kubwa kama trekta, imefungiwa kwenye jengo lisilo na madirisha, na kazi yake ni kukumbuka majina ya watu waliowahi kukataliwa na chuo. Ukiomba chuo ukakataliwa, jina lako linapigwa muhuri mwekundu. Ukienda kuomba kingine, muhuri umeshakutangulia. Hata mwanao akija kuomba baada ya miaka ishirini, kompyuta itakohoa kidogo na kuuliza, huyu si mtoto wa yule?

Habari hizi alituletea mwenzetu wa darasa la jioni ambaye mchana alikuwa mlinzi. Tulikuwa tukisomea kwenye shule ya msingi kule Kiseke, watu wazima wenye ndevu na wengine wenye wajukuu, magoti yanagusa kidevu kwa sababu ya madawati ya watoto. Mlinzi alikaa nyuma yangu. Alikuwa amelinda geti la chuo kimoja mjini kwa miaka mingi, na kwetu sisi mtu aliyelinda geti la chuo alikuwa sawa na aliyesoma ndani yake. Pengine zaidi, maana aliwaona watu wakitoka wanalia.

"Unadhani walikuwa wanalia nini?" aliniuliza. "Kukosa chuo kimoja? Mtu mzima halii kwa chuo kimoja. Wameshajua wamefungiwa vyote."

Basi nikaamini, na darasa zima likaamini, pamoja na mwalimu wetu wa Jiografia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa na D nne. Hesabu nilipata F iliyonyooka kiasi kwamba ungeweza kuianikia nguo. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, nalijua hilo, lakini kwenye zile D siongezi kitu. Mchana kutwa nilikuwa napaka rangi nyumba za watu, jioni nakaa darasani nanuka tina ya kuyeyushia rangi, na ile ya Bailojia niliipata kwa kusomea juu ya ngazi. Mama alizipokea kama ng'ombe walioletwa uani.

"Nne?" aliuliza. "Basi mtu anaweza kuanza boma."

Alitaka niwe bwana mifugo. Alipokuwa msichana, kwao ng'ambo ya ziwa, bwana mifugo alikuwa akija kuchanja ng'ombe amevaa koti jeupe na mabuti, na babu yangu, ambaye hakuwahi kumwinukia mtu yeyote, alikuwa akiinuka na kumpisha kwenye kiti. Mama hakuisahau heshima ile. "Nataka nikuone na koti lile," aliniambia. "Kukuona, siyo kuambiwa."

Na kuona ndiko kulikokuwa shida. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza kwa upole kwamba matone yangechelewesha tu, kilichokwisha kupotea hakirudi. Pembeni kote kulikuwa kumeshaingia giza, akabakiwa na sehemu ndogo ya katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la maji. Ukiongea naye ukiwa umesimama upande, alisikia sauti tu. "Sogea katikati, baba," alikuwa akisema, nami nasogea, na uso wake unachangamka akishanipata.

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja ya kuomba, na haraka. Vitu hivyo viwili havikai chumba kimoja. Nilivizungukia vyuo vya mifugo nikivitazama kwa nje, na kwa kuwa mimi ni fundi rangi, nilivipima kwa ninachokijua. Chuo chenye rangi mpya hadi kwenye kingo za madirisha hakitaki mtu wa D. Chenye rangi inayobambuka, huenda. Kimoja kilikuwa na ukuta mbaya hadi nikapata matumaini makubwa, kumbe ni ghala la pamba.

Mwishowe nilikwenda Mkolani kwa mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni mshenga. Ameozesha nusu ya Mwanza, na nusu iliyobaki wako peke yao kwa sababu hawakumwita. Alinisikiliza mpaka mwisho habari za kompyuta na muhuri, akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea.

"Hili ni dogo sana," alisema. "Chuo nacho ni nyumba ya watu. Nyumba haiendewi na mwenye shida mwenyewe. Mshenga anaenda bila kutaja jina. Wakikataa, wamenikataa mimi, wewe unabaki msafi. Hiyo kompyuta itampiga nani muhuri?"

Sijawahi kusikia hoja iliyonituliza moyo kama hiyo.

Tulianza na chuo cha upande wetu. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, kama desturi inavyotaka, na mjomba akaingia mapokezi amevaa koti lake la harusi za watu.

"Karibu mzee," dada wa mapokezi alisema. "Unataka fomu?"

"Fomu baadaye, mama. Nimepita kuwajulia hali. Hapa nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

"Na wakubwa?"

"Mkuu wa chuo yuko kikaoni."

"Mwacheni afanye kazi. Mvua huku kwenu imenyesha?"

Akatoka anang'aa. "Nyumba nzuri," aliniambia. "Hawana majivuno. Tutarudi."

Alirudi wiki iliyofuata kuzungumzia afya na bei ya mahindi. Aliporudi tena ndipo alipoligusa jambo lenyewe, kwa mbali.

"Tuna kijana wetu," alisema. "Kijana mtulivu. Ana D zake."

"Ngapi?"

"Zinatosha nyumba ya kiasi."

"Mzee, ni tatu, ni nne? Na masomo gani?"

"Mama, hata mahari haitajwi kabla watu hawajazoeana."

Nilimsikia yule dada akishusha pumzi. "Basi mwambie dirisha la maombi linafungwa Ijumaa."

Mjomba alitoka akanishika bega. "Umesikia? Ametaja siku mwenyewe. Nyumba ikishaanza kutaja siku ujue imekutaka. Sasa ndiyo tusikimbie, wasituone tuna njaa."

Hatukukimbia. Ijumaa dirisha likafungwa.

Watu nikiwasimulia hapa huwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, tena nawaongezea mengine ambayo hayakutokea. Nasema mjomba alibeba jogoo. Hakubeba jogoo. Ila siwasimulii kuhusu jioni za kurudi nyumbani, mama amekaa kwenye kigoda jikoni, ananisikia hatua kabla sijafika mlangoni.

"Mjomba wako anasemaje?"

"Wanaendelea kuzungumza, mama."

"Asichelewe sana," alikuwa anasema, bila kulalamika, kama unavyomwagiza mtu chumvi.

Tulisubiri dirisha lililofuata. Mjomba akahamia chuo kingine, nacho akakitembelea kwa heshima zilezile, nacho kikafunga. Ungeuliza kwa nini sikwenda mwenyewe. Nilikuwa nafika getini. Nilikuwa nafika, nautazama ule mlango wa ofisi, naiona ile kompyuta inakohoa, kisha nageuka. Wakinikataa, nitamwambia nini mama? Kwamba koti halipo tena, popote, milele? Bora aendelee kusubiri kitu ambacho bado kinawezekana. Ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo zaidi ya mwaka.

Kisha asubuhi moja mama alikuwa anamimina uji. Aliumimina kando ya kikombe, polepole, kwa uangalifu wake wote, mezani. Nikachukua kitambaa. Nilipomaliza kufuta nikasimama mbele yake.

"Sogea katikati, baba," alisema.

Nilikuwa katikati.

Nikasogea hivyohivyo, hatua moja kushoto, kisha nikarudi pale nilipokuwa. "Hapo sawa?" nikamuuliza. Akasema sawa. Alisema vile kwa ajili yangu, na niliposogea nilisogea kwa ajili yake, na uji ulikuwa unapoa.

Baada ya hapo hofu ikaniisha, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kukilinda. Nilimwambia mjomba apumzike. Nikachukua cheti changu nikatangaza nakwenda mwenyewe kwenye chuo cha ng'ambo, na mama akasema hawezi kubaki, kule ni kwao. Tulivuka na pantoni hadi Kamanga. Nilimweleza ziwa lilivyo siku hiyo, na nilipomaliza akaniambia nimeongeza mawimbi.

Mapokezi alikuwepo dada mdogo kuliko mimi. Aliinuka kumwekea mama kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta bwana mifugo."

Dada akatabasamu, akapokea cheti changu, akavuta kompyuta karibu. Nikaona vidole vyake vinakwenda kwenye herufi ya kwanza ya jina langu.

"Dada, samahani," nikasema. "Kama ni wa kukataliwa, nikatalie kwa mdomo tu. Usiliandike jina langu humo kwanza."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, jengo lisilo na madirisha, muhuri, watoto nitakaowazaa. Nilitegemea atacheka, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kucheka naye, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko rangi. Hakucheka. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Kaka, hakuna kitu kama hicho," alisema. "Ukikataliwa hapa, unaomba kwingine siku hiyohiyo. Kuomba vyuo kadhaa kwa mara moja pia kunaruhusiwa. Wala usingekataliwa. Una D nne na Bailojia imo, wa ngazi ya cheti tunawapokea kila mwaka wakiwa na hizohizo."

Mama aligeuza uso kuelekea ile sauti, akakosea kidogo, akawa anaongea na ukuta.

"Hata mwaka juzi mngempokea?"

"Hata mwaka juzi, mama."